Kasoro za muundo kwenye grafini: kwa nini asilimia ya kushuka kwa upitishaji joto hailingani kati ya uigaji na vipimo?

UtepeMwembamba

Habari wakuu. Naomba msaada wa waliozoea uigaji wa atomi kwenye grafini (karatasi ya kaboni yenye unene wa atomi moja).

Nina karatasi ya nm 30 kwa nm 5. Upana una mipaka ya kujirudia, urefu una ncha mbili ambazo safu zake za mwisho zimegandishwa. Natumia programu ya uigaji ya LAMMPS, potenshali (fomula ya nguvu kati ya atomi) ya Tersoff yenye vigezo vya Lindsay na Broido vya 2010, hatua ya muda fs 1, thamostati (vidhibiti halijoto) za Langevin: K 310 upande wa moto, K 290 upande wa baridi. Upitishaji joto (κ) naupata kwa kuzidisha mtiririko wa joto na urefu, kisha kugawanya kwa eneo la mkato (unene nm 0.335) na kwa tofauti ya K 20.

Matokeo kwa W/mK:

- Grafini safi: 300
- Mapengo ya atomi moja, asilimia 0.1: 165
- Stone–Wales (kasoro ya kifungo kilichozungushwa), asilimia 0.1: 225

Mambo matatu yananisumbua. Kwanza, κ ya grafini safi inayotajwa kila mahali ni 2000 hadi 5000, mimi napata 300. Pili, kuna kazi ya uigaji ya 2011 juu ya tepe za grafini inayosema asilimia 0.1 tu ya mapengo ya atomi moja inashusha κ kwa asilimia 80. Kwangu imeshuka kwa asilimia 45. Kuna pia vipimo vya maabara vya 2016 ambapo κ ilitoka takriban 1800 hadi 400 kwa msongamano wa kasoro wa 1.8 × 10¹¹ kwa cm², ambao nikiugeuza kuwa asilimia unakuwa mdogo ajabu. Tatu, nikibadilisha tu mbegu ya namba nasibu, sampuli mbili zenye idadi ileile ya mapengo zinatofautiana kwa karibu asilimia 20.

Je, potenshali ndiyo mbovu, au nitumie mteremko wa halijoto wa katikati badala ya hiyo K 20?

---

FononiHuru

Potenshali iache, haina hatia hapa. Tatizo ni kwamba unalinganisha asilimia za vitu vyenye urefu tofauti.

Namba kubwa za grafini, kuanzia zile za kundi la Balandin mwaka 2008 za takriban 5000, ni za karatasi inayoning'inia yenye upana wa mikromita kadhaa. Njia huru ya wastani ya fononi (umbali ambao fononi, yaani wimbi la mtikisiko wa atomi linalobeba joto, husafiri kabla ya kutawanywa) kwenye grafini safi kwa halijoto ya kawaida ni mamia ya nm. Makadirio yanayotumika sana ni karibu nm 700 hadi 800. Kwako fononi inatoka thamostati moja na kugonga nyingine baada ya nm 30. Karibu ukinzani wote unaoupima unatoka kwenye urefu huo mfupi, wala si ndani ya grafini. Ndiyo maana 300 yako ni ya kawaida kabisa kwa nm 30, na mtu akipata 3000 kwa urefu huo ndiye wa kuulizwa maswali.

Sasa ukiongeza mapengo kwenye mfumo ambao tayari una ukinzani mkubwa, asilimia ya kushuka lazima ionekane ndogo. Acha kulinganisha asilimia, linganisha ukinzani ulioongezwa na kasoro:

1/165 − 1/300 = 0.00606 − 0.00333 = 0.00273 mK/W

Chukua ukinzani huohuo uuweke kwenye grafini ndefu ambayo κ yake safi ni 2000:

1/(1/2000 + 0.00273) ≈ 310

Kutoka 2000 hadi 310 ni kushuka kwa asilimia 84. Asilimia 45 yako na asilimia 80 ya ile kazi ya 2011 hazigombani. Fanya hivyohivyo kwa Stone–Wales: ukinzani ulioongezwa ni 0.00111, na grafini ya 2000 ingebaki na karibu 620, yaani imeshuka kwa asilimia 69.

Tahadhari mbili. Hesabu hii inajumlisha ukinzani kana kwamba fononi zote zina masafa mamoja, na sivyo. Kasoro ndogo hutawanya zaidi fononi za masafa ya juu. Kwenye kimia cha pande mbili, kasi ya kutawanya kwa kasoro ya nukta hukua kama ω³, ω ikiwa ni masafa (kwenye vitu vya pande tatu ni ω⁴). Fononi za masafa ya chini, zenye mawimbi marefu, hupita juu ya pengo karibu bila kuliona. Kwenye sampuli ndefu hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya joto linalobaki, kwa hiyo 310 ichukue kama makadirio ya ukubwa tu. Pia ile kazi ya 2011 ilikuwa ya tepe zenye kingo halisi, zenye urefu wa zaidi ya nm 100 na upana wa zaidi ya nm 15. Wewe una mipaka ya kujirudia, kwa hiyo huna kingo. Huo si utepe, jina lako la humu linadanganya kidogo.

Kuhusu K 20: baki nayo. Mteremko wa katikati unatupa nje miruko ya halijoto iliyo karibu na thamostati, na kwenye mfumo mfupi miruko hiyo ni sehemu halali ya ukinzani. Ukiitupa, κ ya urefu huo inapanda bila sababu ya kifizikia.

Ukitaka κ isiyotegemea urefu, endesha nm 30, 60, 120, 240 na 480, kisha chora 1/κ dhidi ya 1/L (L ni urefu). Kwa grafini yenye kasoro mstari utanyooka mapema, maana njia huru imefupishwa na kasoro zenyewe. Kwa grafini safi utapinda, na ukinyoosha rula kwenye nukta za nm 30 na 60 pekee utapata κ ya mwisho iliyo ndogo mno. Kwa hiyo safi ndiyo inayohitaji urefu mkubwa zaidi, ingawa wengi hufanya kinyume kwa sababu yenye kasoro inaonekana ngumu zaidi.

---

KimiaChaSita

Niongezee upande wa aina ya kasoro, kwa sababu "asilimia 0.1" ya pengo na "asilimia 0.1" ya Stone–Wales hazipimi kitu kimoja.

Pengo la atomi moja linaondoa masi na vifungo vitatu kwa mpigo, na kuwaacha majirani watatu wakiwa na vifungo viwili viwili. Kwenye fomula ya Klemens ya kutawanya kwa tofauti ya masi, pengo huhesabiwa kama ΔM/M ya takriban 3, kwa sababu vifungo vilivyokatika huongeza mchango wa 2 juu ya ile 1 ya masi iliyopotea. Mraba wake ni 9. Linganisha na isotopu ya kaboni-13 ndani ya kaboni-12: tofauti ni 1/12, mraba wake 0.0069. Kwa hesabu hiyo pengo moja linatawanya kama atomi 1300 za kaboni-13. Kaboni ya asili ina asilimia 1.1 ya kaboni-13. Utawanyaji wote wa isotopu hizo unafikiwa na mapengo kama 8 tu katika kila atomi milioni. Na isotopu zenyewe si za kudharau: vipimo vya 2012 vilionyesha grafini iliyosafishwa hadi asilimia 0.01 ya kaboni-13 ina κ zaidi ya 4000 karibu na K 320, zaidi ya mara mbili ya ile iliyochanganywa nusu kwa nusu.

Stone–Wales haiondoi atomi hata moja. Kifungo kimoja kinazungushwa nyuzi 90, pembesita nne zinageuka pembetano mbili na pembesaba mbili, na kila atomi inabaki na majirani watatu. Kinachotawanya ni mabadiliko ya ugumu wa vifungo na mkazo unaosambaa kuizunguka. Hivyo ni kawaida iwe laini kuliko pengo la atomi moja. Ile kazi uliyoitaja inasema hivyo pia: kushuka kwa asilimia 80 kulihitaji asilimia 0.1 ya mapengo ya atomi moja, lakini asilimia 0.23 ya mapengo ya atomi mbili au ya Stone–Wales.

Pengo la atomi mbili linawashangaza wengi. Likijipanga kuwa pembetano, pembenane na pembetano, hakuna atomi inayobaki na kifungo kinachoning'inia. Ukiondoa atomi 100 kwa jozi, grafini inapitisha joto vizuri kuliko ukiondoa atomi 100 mojamoja. Kwa hiyo andika wazi: asilimia ya kasoro au asilimia ya atomi zilizoondolewa? Nimeona makala mbili zikipingana kumbe zimehesabu tofauti tu.

Mambo ya kukagua kwenye faili zako:

Baada ya kufuta atomi, punguza nishati kwanza na uruhusu vipimo vya kisanduku vibadilike kwa x na y hadi mkazo wa ndani ya karatasi ufike karibu sifuri. Ukibaki na vipimo vya grafini safi, sehemu ya kushuka unakoona itakuwa ya mkazo, si ya kasoro.

Zipe atomi msogeo mdogo wa nasibu kwa z, Å 0.05 inatosha. Stone–Wales kwenye karatasi huru hupenda kujikunja nje ya bapa, lakini ukianza na karatasi bapa kabisa hakuna nguvu ya kuisukuma juu wala chini, na kupunguza nishati kutaiacha hapohapo. Mkunjo huo una uzito. Kwenye grafini inayoning'inia, fononi za kupepea nje ya bapa ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya joto, na zinalindwa na ulinganifu wa juu na chini wa bapa. Kasoro inayovunja ulinganifu huo inafungua milango ya kutawanya ambayo ilikuwa imefungwa.

Usiweke pengo ndani ya thamostati wala karibu nayo kwa chini ya nm 2. Na kagua umbali kati ya mapengo: mawili yakiangukiana yanakuwa kasoro ya aina nyingine, na sampuli yako si ya mapengo ya atomi moja tena.

Ujue pia kikomo cha Tersoff: pengo halisi la atomi moja hujipanga upya kuwa pembetano na pembetisa, wakati potenshali hii huelekea kuliacha na ulinganifu wa pande tatu. Kwa utawanyaji wa joto kosa hilo si kubwa. Kwa sifa za elektroni lingekuwa kubwa.

---

Kilele1350

Kuhusu vipimo vya 2016: 1.8 × 10¹¹ kwa cm² dhidi ya atomi 3.82 × 10¹⁵ kwa cm² ni asilimia 0.0047. Hujakosea. Lakini usiweke namba hiyo kwenye grafu moja na mapengo yako.

Kasoro zile zilitengenezwa kwa boriti ya elektroni ya keV 20. Kung'oa atomi ya kaboni kutoka kwenye grafini kwa kuigonga moja kwa moja kunahitaji elektroni ya karibu keV 80 au zaidi. Kwa keV 20 hutarajii mapengo safi kwa wingi. Unatarajia vifungo vilivyovurugwa na vikundi vya kemikali vilivyojishika kwenye uso. Karatasi ile ilitengenezwa kwa uwekaji wa mvuke, ikahamishiwa kwenye wavu wenye matundu ya µm 7.5, kwa hiyo ilikuwa na kasoro tangu mwanzo: msongamano wa kuanzia ulikuwa 2.0 × 10¹⁰. Na baada ya κ kufika 400 haikuendelea kushuka kwa kasi, ilitulia. Hiyo inaendana na alichosema FononiHuru: zilizobaki ni fononi ambazo kasoro za nukta hazizioni vizuri.

Idadi ya kasoro kwenye vipimo hivi inatoka kwenye spektra ya Raman (mwanga wa leza unaotawanywa na sampuli), kwa uwiano wa kilele cha D (karibu cm⁻¹ 1350) na cha G (karibu 1580). Fomula inayotumika kwa kasoro za nukta ni

n (kwa cm²) ≈ (1.8 × 10²² / λ⁴) × I(D)/I(G), λ kwa nm

Kwa leza ya nm 532 inakuwa takriban 2.25 × 10¹¹ × I(D)/I(G). Uwiano wa 0.3 ni kasoro 6.7 × 10¹⁰ kwa cm², yaani asilimia 0.0018 ya atomi. Kigezo cha mbele kina shaka ya 0.5 juu ya 1.8, hivyo tarakimu tatu za usahihi hazina maana. Na fomula inafaa tu pale umbali kati ya kasoro ni nm 10 au zaidi, ambao ni kama 3 × 10¹¹ kwa cm². Sampuli yako ya asilimia 0.1 ina 3.8 × 10¹², mara kumi zaidi ya mpaka huo. Humo uwiano wa D na G huacha kupanda na baadaye hushuka, kwa hiyo thamani moja ya uwiano inaweza kuwa na maana mbili. Tazama upana wa kilele cha G kabla ya kuamua uko upande upi.

Kama una kilele cha D′ karibu na 1620, gawanya D kwa D′: takriban 13 ni vikundi vya kemikali vilivyojishika, 7 ni mapengo, 3.5 ni mipaka ya chembe (mistari ambako vipande vya fuwele vyenye mielekeo tofauti hukutana). Si hukumu ya mwisho, ila inakuzuia kuita kila kitu pengo.

---

UtepeMwembamba

Asanteni sana, nimeelewa suala la urefu. Bado mawili. Ile tofauti ya asilimia 20 kati ya sampuli naipunguzaje? Nilifikiria kuhamia Green–Kubo (njia ya kupata κ kutoka kwenye mabadiliko ya nasibu ya mtiririko wa joto kwenye mfumo uliotulia) ili nikwepe thamostati. Na kama karatasi ya maabara ina mipaka ya chembe, naiwekaje kwenye hesabu?

---

FononiHuru

Nm 30 kwa 5 ni kama atomi 5700. Asilimia 0.1 ni mapengo sita. Kwa mapengo sita, matokeo yanategemea yalipoangukia, na asilimia 20 si ajabu. Panua hadi nm 20 kwa 120: hapo ni atomi zipatazo 92,000 na mapengo 92. Bado endesha mbegu 5 hadi 10 na uripoti wastani pamoja na kosa sanifu la wastani huo.

Hatua ya muda ipunguze hadi fs 0.5. Mtikisiko wa kilele cha G una kipindi cha karibu fs 21, na fs 1 inavumilika, lakini kwenye mwendo wa ns kadhaa nishati huanza kuteleza. Thamostati iwe na muda wa kuitikia wa ps 0.1. Chora jumla ya nishati iliyoingia na iliyotoka dhidi ya muda. Mistari miwili inyooke na miinuko yake isipishane zaidi ya asilimia 1 au 2. Kwa usanidi wako wa sasa, κ ya 300 inamaanisha mtiririko wa takriban eV 2.1 kwa ps (eV/ps 1 ni W 1.602 × 10⁻⁷). Ukiona 4 au 1, kosa liko kwenye vipimo vya vizio au eneo la mkato, usiende mbali kulitafuta.

Green–Kubo na Tersoff ndani ya LAMMPS: kuwa mwangalifu. Mtiririko wa joto unaojengwa juu ya amri ya stress/atom ya kawaida haugawi vizuri nishati ya potenshali za miili mingi, na kwenye grafini kosa hilo ni kubwa, linaishusha κ. Thamostati zako zinahesabu nishati moja kwa moja, kwa hiyo haziguswi na tatizo hilo. Ukitaka njia nyingine, programu ya GPUMD ina njia ya nguvu-endeshi yenye fomula sahihi ya mtiririko, nayo hutulia haraka kuliko Green–Kubo.

Jambo moja ambalo halirekebishwi kwa kuongeza sampuli: uigaji huu ni wa fizikia ya kale, kila mtindo wa mtikisiko unapewa nishati ya kBT nzima (kB ni kigezo cha Boltzmann, T ni halijoto). Kwa K 300 grafiti halisi ina joto maalumu la karibu J 8.5 kwa moli kwa K, wakati fizikia ya kale inatoa 24.9. Maana yake kwenye kompyuta fononi za masafa ya juu zinabeba joto ambalo kwa uhalisia hazina, na hizo ndizo zinazotawanywa zaidi na kasoro. Kwenye sampuli fupi hii inakuza athari ya kasoro. Kipimo kizuri cha haraka ni kuendesha K 300, 500 na 800: grafini safi lazima ishuke wazi kadiri halijoto inavyopanda, yenye mapengo iwe karibu bapa. Ikiwa yenye mapengo inashuka kwa mwinuko uleule wa safi, mapengo yako hayatawali utawanyaji.

---

KimiaChaSita

Mipaka ya chembe usiiingize kama asilimia. Ni ukinzani wa mstari mzima, na unategemea ukubwa wa chembe (d):

κ ya jumla = κ ya chembe / (1 + κ ya chembe / (G × d))

G ni upitishaji wa mpaka mmoja. Uigaji hutoa 1.5 hadi 4.5 × 10¹⁰ W/m²K kutegemea pembe kati ya chembe. Pembe ikikua, pembetano na pembesaba kwenye mpaka huongezeka na G hushuka. Chukua 3 × 10¹⁰ na chembe yenye κ ya 2000:

- d = µm 1: karibu 1875
- d = nm 100: karibu 1200
- d = nm 10: karibu 260

Kwa karatasi ya uwekaji wa mvuke yenye chembe za mikromita, mipaka karibu haionekani. Kasoro za ndani ya chembe ndizo zinazoamua. Chini ya nm 100 mambo yanageuka. Fomula hii inadhani fononi hutulia ndani ya chembe kabla ya kugonga mpaka unaofuata, kwa hiyo kwa nm 10 ichukue kwa tahadhari: κ ya ndani ya chembe ndogo hivyo si 2000 tena.

Na kama karatasi ya maabara imelazwa juu ya silika badala ya kuning'inia, usianze na 2000. Mguso na silika unazima sehemu kubwa ya fononi za kupepea, na grafini safi inabaki na takriban 600. Weka 0.00273 yako juu ya hiyo: 1/(1/600 + 0.00273) ni karibu 227, kushuka kwa asilimia 62. Ila ukinzani huo uliupata kwenye karatasi huru, ambako sehemu yake ilitokana na kutawanya fononi zilezile ambazo silika imeshazizima. Tarajia kushuka halisi kuwe chini ya hapo.